Mgao wa Mwewe

Garissa, 3 Februari 2024

Kwa Falis,

Assalamu alaikum. Sisi huku wazima. Jua ni kali na mbuzi wamekonda, lakini bado wanasimama kwa miguu yao. Hodo anakusalimu. Mtoto ameota meno na anamng'ata kila anayembeba. Natumai nawe hapo Jericho hujambo.

Salamu zimetosha. Jana Muse amefika na basi, na kabla hajanishushia mzigo wangu akanipa pole. Pole ya nini? Akasema Nimco ana bandeji usoni. Kwa nini habari za uso wa binti yangu niletewe na dereva wa basi, tena mbele ya wapagazi, nami nimesimama kama mtu asiye na jamaa?

Anasema ni ndege. Falis, huku nyumbani fisi hupita nyuma ya ua usiku na twiga hukata njia karibu na msikiti, na hakuna mtoto wangu aliyewahi kuguswa. Wewe uko katikati ya mji mkuu, kwenye lami na taa, na mtoto anapasuliwa uso na ndege. Nilikupa mtoto mzima.

Kiapo changu kiko pale pale. Niliapa kwamba sauti yako sitaisikiliza kwenye simu mpaka siku Nimco atakapolala chini ya paa langu, na sijakivunja. Kwa hiyo andika, umpe Muse. Na uandike ukweli.

Kadar


Jericho, 11 Februari 2024

Abboowe Kadar,

Wa alaikumu ssalam. Namshukuru Mungu kwamba ulipoapa ulitaja simu na ukaisahau kalamu, maana tungezikana bila kuagana. Kiapo kina kafara, kaka yangu. Lisha maskini kumi, upige simu kama watu. Mbuzi unao. Lakini najua, hasira ni kitu chako cha pekee usichopenda kukigawa.

Sisi ni wazima. Maji yanakuja siku yanapotaka. Wanyoike, jirani yangu wa bucha, goti linamsumbua na bado anakataa kukaa. Nimco ameingia gredi ya tano, hesabu anaziona kama mchezo, na anasoma magazeti tunayofungia matumbo mpaka wateja wanaanza kunung'unika.

Ukweli ni huu. Ni mwewe. Watoto walikuwa uwanjani saa ya chakula, Nimco akafungua chakula chake, mwewe akamjia kwa nyuma. Huja kwa nyuma siku zote. Alitaka sambusa, ukucha ukapita kwenye nyusi. Ameshonwa nyuzi tatu. Jicho ni zima, na daktari amesema litabaki zima. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungeniandikia barua kama hii uliyoniandikia.

Muulize mtu yeyote wa Eastlands kama amewahi kula mahali pasipo paa bila kuweka mkono juu ya sahani. Fisi wako wanawaogopa watu. Mwewe wetu wamesoma na watu, wanajua kengele ya shule inalia saa ngapi.

Na hilo la kunipa mtoto mzima, tusidanganyane. Ulinipa mtoto wa miaka mitatu mwenye mashilingi ya choa kichwani na kikohozi kifuani, wiki uliyomzika mama yake. Ulisema, "Mlee, Falis, mimi siwezi." Nimemlea. Miaka yote hiyo hukuuliza anakula nini wala analala wapi. Mwaka huu mkeo Hodo ana mtoto mchanga anayehitaji kubebwa, na ghafla unaukumbuka uso wa Nimco.

Msalimie Hodo. Simlaumu yeye.

Falis


Garissa, 2 Machi 2024

Kwa Falis,

Salamu. Sote wazima.

Mambo ya nyumba yangu usiyaandike tena katika barua inayobebwa na dereva.

Nilimwomba Abukar atembee hadi hapo sokoni. Kutoka kwake Mbotela si mbali, na yeye ni mtoto wa adeer yetu, ndugu wa baba, ana haki ya kujua unavyoishi. Alikaa kwa huyo Wanyoike wako, akanywa chai, akaangalia. Ameniandikia aliyoyaona. Ameona mwanamke mtu mzima, binti wa baba yangu, anasimama mbele ya bucha kila asubuhi na karai, akiwarushia mwewe nyama. Anasema mbingu inakuwa nyeusi juu yako. Anasema wanakujua kwa mtandio wako, na ukichelewa wanapanga foleni juu ya mabati kama wateja. Na watu wa soko wanacheka: "Mama Nimco amechelewa leo, wageni wake wana njaa."

Mama Nimco? Mama Nimco nilimzika mimi kwa mikono yangu hapa Garissa. Mwambie Wanyoike.

Kumbe ndiyo sababu. Unawafuga. Mwewe ni miongoni mwa viumbe tulioruhusiwa kuwaua hata mtu akiwa ndani ya ihramu, na wewe unawaamkia na kifungua kinywa. Halafu unashangaa wamemrukia mtoto.

Sasa sikiliza. Ama mwewe hao waondoke hapo, ama Nimco aje kwangu shule zikifungwa Aprili. Huna la tatu. Abukar atakusaidia.

Kadar


Jericho, 9 Machi 2024

Abboowe,

Ramadhani iko mlangoni. Mungu atufikishe sote na atupokelee, hata wewe.

Kwa hiyo umeniletea mpelelezi. Angalau ungemtuma anunue nusu kilo. Alikunywa chai ya Wanyoike vikombe viwili na akaondoka bila kununua hata mfupa wa supu.

Nitakueleza jambo ambalo kila muuza nyama wa hapa analijua. Siku niliyofungua bucha, mwewe alichukua ini kwenye mizani, nikiwa nimeshika mizani. Siku hiyo hiyo mama mmoja alipokonywa nyama ya mkononi kabla hajafika Jogoo Road, akarudi kunidai mimi. Jioni nililia. Wanyoike akaniambia, "Sikia, hawa ukiwanyima watajichukulia. Wape ya asubuhi, uuze ya mchana." Tangu siku hiyo natoa mgao kama wenzangu: mapafu, vipande vya ngozi, mafuta yasiyouzika. Wanakula, wanapanda juu ya mulika mwizi, ile taa ndefu ya soko, wanakaa huko, na mteja anabeba nyama yake mpaka nyumbani. Si kuwafuga huko. Ni kulipa kodi kwa mwenye nguvu.

Na usidhani nawapenda. Wana jicho la mtu anayekudai. Nikiona mmoja amekaa karibu na dirisha letu natamani kumtupia kiatu. Lakini nitawafukuza niwapeleke wapi? Hapa walikuwepo kabla ya hizi nyumba, na kabla ya babu yetu kufika Isiolo na ngamia zake.

Nimco sasa namwekea chakula kwenye kopo lenye kifuniko. Hajaguswa tena.

Ama hilo la Abukar kunisaidia, sihitaji msaada wake. Kama anafikiria dawa, mwambie asithubutu. Huko kwenu ukitupa kitu jangwani, kinabaki jangwani. Hapa kinachorushwa juu kinaangukia kwa jirani.

Nimco haji Aprili. Ana masomo ya ziada.

Falis


Jericho, 5 Mei 2024

Kadar,

Sijui barua hii itakufikia lini. Wanasema mto umefurika, barabara imekatika pale Madogo, na Muse amekwama na basi lake. Huku pia ni mafuriko. Mukuru kwa Reuben watu wamelala juu ya meza, na shule zimechelewa kufunguliwa. Nakusalimu kwa sababu nimelelewa kusalimu.

Jumamosi iliyopita Abukar alikuja sokoni alfajiri, mimi sijafungua. Alikuwa na karai lake. Mlinzi alimwona akirusha nyama juu ya mabati, akadhani nimemtuma mimi. Mwewe walikula, kwa kuwa wamezoea kula hapo.

Nilipofika walikuwa wanatembea barabarani. Umewahi kumwona mwewe akitembea, Kadar? Wanayumba, mabawa wazi, wanagonga ukuta, wanaanguka kifudifudi kwenye matope. Mmoja alianguka ndani ya sufuria ya githeri ya mama anayepika pale kona. Watoto walikuwa wanapiga kelele. Waliosimama juu ya mulika mwizi walianguka mmoja mmoja, na kila mmoja alipofika chini watu waliniangalia mimi.

Mmoja aliruka na kipande mdomoni mpaka nyuma ya soko, akakiangusha uani kwa Lydiah. Lydiah anafuga kuku. Vifaranga vyake huvipaka rangi ya waridi, kama tunavyofanya wote hapa, ili mwewe asivitambue kuwa ni chakula. Kipande kililiwa na kuku wake na vifaranga. Lydiah alikuja na beseni, akaviweka vifaranga vyake vya waridi, vimekufa, juu ya meza yangu ya nyama, kimoja kimoja. Mimi na yeye tumekopeshana chumvi miaka yote hiyo.

Kisha Jacky wa mboga akauliza kwa sauti, soko zima likisikia: "Mathe, hebu sema ukweli. Hii nyama unatuuzianga iko na dawa, ama ni ndege tu ndio wamepewa?"

Bwana afya amekuja, amefunga bucha yangu, na ya Wanyoike pia, kwa kuwa ukuta ni mmoja. Goti lake hilo, na mke wake hospitalini. Hajanitukana. Afadhali angenitukana.

Mlinzi akamtaja Abukar, watu wakamshika, wakataka kumpiga. Akapiga kelele, tena kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe: "Si mimi! Ni Kadar, kaka yake! Yeye ndiye aliyeniambia niwape sumu!" Nimco alikuwa amesimama hapo ameshika ndoo ya maji. Alisikia kila neno.

Nakuuliza wewe uliyetaka ukweli kwa maandishi. Ulimwambia?

Falis


Garissa, 9 Juni 2024

Kwa Falis,

Barabara imefunguka, barua yako nimeipata imelowa lakini inasomeka. Mafuriko yamechukua shamba la ndizi la jirani na mbuzi wetu kadhaa. Hodo na mtoto wazima. Poleni na mvua.

Nimesikitika kuhusu bucha. Nilimwambia Abukar akusaidie. Neno sumu halimo katika barua yangu kwako, isome tena. Mtu mzima akifanya ujinga wake, unataka niubebe mimi nikiwa Garissa?

Lakini kwa kuwa unapenda kuuliza maswali, nami nina langu. Nimco alimwambia Muse jambo, na Muse akaniambia. Anasema kabla ya lile kopo ulikuwa unamfungia chakula cha shule kwenye karatasi ya bucha, ile ile ya kaki unayofungia nyama. Shule nzima ina watoto, na mwewe akamjua wa kwako. Kila asubuhi unawaonyesha karatasi hiyo na damu juu yake, halafu unampa mtoto wangu aifungue uwanjani. Ulijua. Ndiyo maana ukanunua kopo. Ukaniandikia kwamba hajaguswa tena, na hukuniandikia kwa nini aliguswa.

Sasa huna bucha wala mwewe. Mtu asiye na kazi atamlisha nini mtoto wa mwenzake? Nitakuja mwenyewe muhula wa tatu ukianza. Nitamwona binti yangu ana kwa ana, na nitarudi naye.

Kadar


Jericho, 15 Septemba 2024

Kadar,

Sisi ni wazima. Bucha imefunguliwa mwezi uliopita, baada ya kupakwa rangi na kukaguliwa mara tatu. Wateja wamerudi nusu. Wanyoike bado hajafungua. Tangu mwewe wapungue, matumbo yanaozea pale jalalani na panya wanatembea mchana mbele ya wateja bila aibu. Wale wachache waliobaki hakuna anayewapa mgao tena, watu wanaogopa kuonekana wakirusha kitu. Kwa hiyo wanapokonya. Juzi Jacky amechanwa kidole.

Ndiyo, karatasi ilikuwa ya bucha. Niliona siku niliyokuwa namsafisha kidonda, karatasi iko kwenye mkoba wake wa shule, nikajua. Sikukuandikia kwa sababu ungeitumia kama ulivyoitumia. Umefurahi?

Ulikuja Jumatano. Ulilala kwa Abukar, ukapita mbele ya bucha yangu, ukatazama upande wa pili kama mtu anayekwepa mdai. Kiapo chako kilikuwa cha simu, Kadar. Hakikukukataza kunisalimu uso kwa uso. Ukaenda shuleni, ukamwita mtoto saa ya mapumziko.

Nimco hakunificha. Alinieleza jioni, tukiosha vyombo. Alisema alipokuona getini alikuita adeer, kama anavyomwita kila mwanamume wa kwetu anayekuja na zawadi, kisha akaona haya, akajirekebisha, akasema aabo, baba. Ulimpa viatu na tende. Ulimwambia jiandae, kesho tunaondoka, utamwona ndugu yako. Alifurahi. Nakwambia alifurahi, ingawa neno hilo linanikata. Ana picha ya mtoto wa Hodo kwenye kitabu chake cha sayansi.

Kisha akakuuliza. "Aabo, ni wewe uliyemtuma Abukar na sumu?" Nawe ukasema, "La. Ni Abukar mwenyewe, ana wazimu."

Alikuachia viatu na tende zako pale getini, akarudi darasani kabla ya kengele. Na wewe ukapanda basi la jioni, badala ya kuja kwangu kupigana kama mwanamume.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa. Nimemkasirikia kila mtu, hata yeye. Jana usiku nikamuuliza kama anataka kwenda Garissa. Nilitaka aseme hapana. Mungu anajua nilivyotaka. Amesema: "Nitaenda, eddo. Lakini aandike ukweli kwanza. Nikienda na yeye amenidanganya, nitakuwa namwangalia tu kila siku."

Basi mimi, nisiyetaka aende, nakwambia kitakachomwondoa kwangu. Andika mstari mmoja kwa mkono wako: kwamba ulimtuma Abukar. Si kwa ajili yangu, mimi sikuhitaji kuambiwa. Andika kwa jina lake. Barua ikifika nitamfulia nguo, nitazikunja, nitampeleka mwenyewe mpaka kwenye basi la Muse, na sitalia mbele yake. Na wewe utapata kiapo chako, atalala chini ya paa lako.

Usipoandika, usimwite tena.

Falis


Garissa, 20 Oktoba 2024

Kwa dada yangu Falis,

Assalamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh. Natumai barua hii itakukuta katika afya njema, wewe na wote wa hapo. Nasi huku hatujambo. Mvua ya vuli haijaanza lakini mawingu yanapita kila alasiri. Mto umeshuka hadi mahali pake, na jirani amepanda ndizi upya. Mbuzi waliobaki wamezaa vizuri, wengi ni majike. Mtoto sasa anatembea kwa kushika ukuta, na kila akianguka anacheka. Hodo anakusalimu sana. Qorane, mama yake, alikuwa mgonjwa wa miguu, sasa anatembea. Msikiti umepata mazulia mapya. Muse anasema ataacha kazi ya basi mwakani, macho yamechoka, kwa hiyo sijui barua zetu zitapitia kwa nani.

Mpe Wanyoike pole yangu kwa goti na kwa mke wake. Mwambie Lydiah nimetuma kuku, Muse anao, wako kwenye tenga.

Ulitaka mstari mmoja. Nimekaa na karatasi hii tangu Alhamisi. Nimechana nyingine tatu. Hodo ameniuliza ninaandika nini muda wote huo, nikamwambia ni salamu. Mstari huo sikuweza kuuandika, Falis. Mtoto ataukunja, atauweka kwenye kitabu, na atakuwa nao nikiwa mzee. Afadhali aseme baba yake alikataa kumchukua.

Viatu nimevirudisha kwa Muse. Kama havimtoshi, mpe mtoto mwingine.

Sitakuja Desemba. Mwache asome.

Kadar